Miezi 180: namna mtu wa reli anavyoandaa dosie (faili) yake ya pensheni Lubumbashi

Kabla hujasoma zaidi, inuka uende chumbani ukafungue sanduku la karatasi. Kama umefanya kazi ya reli, unalo: la bati, lenye kufuli ndogo, lile lililopanda treni pamoja na godoro siku ulipohamishiwa Kamina, likarudi nawe Lubumbashi miaka mingi baadaye likiwa limebonyea pembe moja. Toa fishi zote za mshahara, zile karatasi za malipo ya kila mwezi. Zitandaze kitandani mwaka kwa mwaka, Januari mpaka Desemba. Halafu hesabu. Franga ziache kwanza, hesabu miezi.

Mimi nilianza kama kantonie, mtu wa kutunza njia: kukaza tirefo (skrubu za reli), kubadilisha traverse (mataruma), kushindilia mawe chini ya reli. Baadaye wenzangu walinichagua delege wa sindika, yaani mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi, na kazi hiyo niliifanya miaka kumi na moja. Leo napokea pensheni yangu, nakaa mtaa wa Kamalondo, na Jumamosi asubuhi mara nyingi kuna mtu anabisha hodi akiwa na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Wengine ni mafundi wa depo, wengine waendesha treni, wengine wajane. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia pale barazani.

Pensheni ya mfanyakazi wa kompani hapa Kongo inatoka Caisse Nationale de Sécurité Sociale, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa kifupi CNSS. Wazee bado wanaiita INSS. Ni nyumba ileile, jina lilibadilika 2018. Sheria yake ni nambari 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, na ndani yake shika mambo matatu. La kwanza, umri wa miaka 60, kwa mwanamume na kwa mwanamke. La pili, miezi 180 ya kuchangia, yaani miaka 15. La tatu, uwe umeacha kazi ya mshahara. Zamani mwanamume alingoja mpaka afike 65, ndiyo maana hadi leo utasikia watu wanabishana kuhusu hilo pale gare, kwenye stesheni. Usibishane nao. Ni 60.

Aliyefika 60 bila kufikisha miezi 180 hapati pensheni ya kila mwezi. Anapewa malipo ya mara moja, na hapo mambo yake na CNSS yamekwisha. Jirani yangu mmoja alipewa hayo malipo. Yalitosha mabati ya chumba kimoja. Mwenzake waliyeanza naye kazi mwaka mmoja, aliyevuka 180, anapokea mpaka leo. Ndiyo sababu nasisitiza hesabu ya miezi kuliko kitu kingine chochote.

Sasa chukua fishi moja uisome vizuri. Tafuta mstari ulioandikwa CNSS QPO, au INSS QPO kwenye fishi za zamani. Huo ndio mchango wako wewe, na leo ni asilimia 5 ya mshahara. Mwajiri naye anaweka asilimia 5 upande wa pensheni, 6.5 kwa posho za familia na 1.5 kwa ajali za kazini. Jumla yenu wawili ni 18. Kwa mshahara wa franga 600,000, wewe unakatwa 30,000 na mwajiri anaongeza 78,000, ili CNSS ipokee 108,000. Lakini elewa jambo hili: mstari wa QPO unaonyesha kwamba ulikatwa. Hauonyeshi kwamba pesa ilifika. Kati ya kukatwa na kufika kuna ofisi ya mwajiri, na miezi mingi hupotelea hapo.

Kwa hiyo usingoje ufike 60. Ukifika 57, hata 55, nenda CNSS na kadi yako ya nambari ya uanachama, omba wakuonyeshe miezi iliyoandikwa kwa jina lako. Iandike kwenye daftari, rudi nyumbani, ilinganishe na fishi zilizo kitandani. Kila mwezi wenye fishi ambao hauko CNSS, uandike kwa kalamu nyekundu. Orodha hiyo nyekundu ndiyo kazi yako ya miaka mitatu ijayo.

Nikupe mfano wa rafiki yangu, fundi wa njia kama mimi. Alipokwenda kuangalia, alikuta miezi 149. Alikaa kimya, akakunja karatasi mara nne akaitia mfukoni. Kisha akaniambia, "Ndugu, mimi nimefanya kazi tangu 1996." Ni kweli. Kati ya Februari 1996 na Januari 1999 alifanya kazi katika kompani ndogo ya kandarasi iliyokuwa ikibadilisha traverse. Miezi 36. Walimkata QPO kila mwezi, na hawakumtangaza CNSS hata mwezi mmoja. Kompani ilishafungwa, mwenyewe alishahama.

Tulikwenda kwake tukalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Fishi za kwanza ziliandikwa kwa zaire mpya, za mwisho kwa franga kongolezi, maana pesa ilibadilishwa mwaka 1998. Mke wake alikuwa ameanza kuwashia mbabula, jiko la makaa, zile za zaire. Hakufanya kwa ubaya. Aliona pesa imekufa, akadhani na karatasi imekufa nayo. Tulizihesabu mara mbili: zilibaki 32. Chukua 149, ongeza 32, unapata 181.

Mwezi mmoja juu ya mpaka. Tulifanya fotokopi ya kila fishi, tukatafuta kontra yake ya 1996, yaani mkataba wa kazi, tukapata pia cheti cha kazi alichopewa siku ya kuondoka, chenye muhuri wa kompani na tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka. Wenzake wawili waliofanya naye kazi waliandika ushuhuda. Tulipeleka dosie, tukarudi, tukaongezewa swali, tukalijibu, tukarudi tena. Ilichukua mwaka na miezi miwili. Miezi 32 iliingia. Ingewaka fishi mbili zaidi kwenye mbabula ile, angekuwa na 179.

Basi usitupe fishi kwa sababu pesa iliyoandikwa juu yake haipo tena. Zaire ya zamani, zaire mpya ya 1993, franga ya 1998, zote zinabeba mwezi uleule. Panya, maji ya mvua na mbabula ndio maadui wa mfanyakazi aliyezeeka. Zitie kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku, uliweke sanduku juu ya matofali mawili. Piga picha kila fishi kwa simu, umtumie mtoto wako aliye mji mwingine.

Watu wa reli tuna shida moja ambayo fundi wa kiwanda hana: tunahamishwa. Mtu ameanza Sakania, akapelekwa Tenke, Kamina, Mwene-Ditu, Kananga, mwingine Kalemie au Ilebo. Kila mahali kumebaki kipande cha maisha yake kwenye kabati la ofisi. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, familia zililala wiki nyingi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni, na miongoni mwao walikuwamo watu wa reli na wa migodi. Mtu anayekimbia na watoto hachukui fishi za mshahara. Nimewahi kumsaidia mzee wa namna hiyo. Kilichomwokoa ni barua za kuhamishwa, zile zinazosema fulani, nambari fulani, anatoka hapa anakwenda pale kuanzia tarehe fulani. Alikuwa nazo tano, ndani ya Biblia. Barua ya kuhamishwa, barua ya kupandishwa cheo, hata barua ya adhabu, zote zinathibitisha kwamba tarehe ile ulikuwa kazini. Zitunze zote. Ile ya adhabu usiione haya.

Halafu kuna majina. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu shida hii haionekani mpaka siku ya mwisho. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru watu waache majina ya ubatizo. Aliyeajiriwa miaka ile ameandikwa kwenye kontra bila Joseph wala Marie. Baadaye majina hayo yalirudi, na leo yako kwenye kadi ya uchaguzi. Mwenye dawati anaona karatasi mbili, majina mawili, anauliza: huyu ni mtu mmoja au ni watu wawili? Kisha kuna mwandiko wenyewe. Kwetu Katanga Ngoy ni Ngoie, Mwamba ni Muamba, Mwepu ni Muepu. Kila karani anaandika kadiri sikio lake linavyosikia. Shida yangu mimi ilikuwa w na u. Karani mmoja miaka thelathini iliyopita aliandika u, kadi yangu ina w, na herufi hiyo moja ilinisimamisha miezi saba. Dawa yake ni karatasi ya komine, ofisi ya serikali ya mtaa, inayothibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Ichukue sasa, ungali na mshahara na nguvu za kupanga foleni.

Tarehe ya kuzaliwa ni vilevile. Wengi wetu tumeandikwa "kama mwaka 1961", bila siku wala mwezi, au kadi ya ubatizo inasema 1960 na kontra inasema 1963. Kama huna cheti cha kuzaliwa, kuna hukumu ya mahakama inayosimama mahali pake. Nenda komine wakuelekeze njia yake. Kinachotakiwa ni kwamba karatasi zako zote ziseme mwaka mmoja, na mwaka huo uwe uleule uliotangazwa CNSS ulipoandikishwa. Usijaribu kujiongezea miaka ili utoke mapema. Wanalinganisha na karatasi za ujana wako, na dosie yenye tarehe mbili hulala kabatini.

Siku ya kupeleka dosie, kwa kawaida utabeba fomu ya ombi, kadi ya CNSS, kitambulisho, uthibitisho wa kuzaliwa, cheti cha kazi kutoka kwa kila mwajiri, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaokutegemea, na picha. Peleka fotokopi, asili waonyeshe kisha urudi nazo. Tengeneza dosie mbili zinazofanana: moja unaiacha, nyingine wanakupigia muhuri wa kupokea, na tarehe. Muhuri huo tunauita akize. Ukiondoka bila akize, siku hiyo hukupeleka kitu. Nimeona watu wazima wakilia kwa sababu hiyo, dosie imepotea na hakuna wa kuulizwa. Andika pia kwenye daftari lako siku uliyokwenda, dirisha ulilosimama, na ulichoambiwa. Ukirudi baada ya wiki tatu na daftari, hata sauti ya anayekujibu inabadilika.

Ugonjwa na ajali: usikubali vichanganywe

Mfanyakazi akiugua malaria au homa ya matumbo, au akipasuliwa tumbo, huo ni ugonjwa wa kawaida. Hapo CNSS haimo. Anayehusika ni mwajiri, kwa Code du Travail, sheria ya kazi, ya tarehe 16 Oktoba 2002: anagharimia matibabu yako na ya familia yako, na siku usizofanya kazi anakulipa theluthi mbili za mshahara. Mwenye 600,000 anapata 400,000 kwa mwezi. Kazi yako wewe ni kupeleka cheti cha daktari mapema, na akize yake. Angalia pia miezi sita: ugonjwa wa kawaida ukivuka miezi sita mfululizo, mwajiri ana njia ya kisheria ya kuvunja kontra. Ukifika mwezi wa nne, mwite delege wako mkae pamoja.

Ajali ya kazini ni kitu kingine kabisa. Hiyo inaingia CNSS, kwenye ile asilimia 1.5 anayotoa mwajiri peke yake: matibabu, posho ya siku ambazo huwezi kufanya kazi, na kama mwili umebaki na kilema, malipo ya kilema hicho. Ukifa, mjane na yatima wana haki yao. Ajali ya njiani kwenda kazini au kurudi nayo ni ya kazini.

Nilikuwapo siku kijana mmoja alipovunjika mguu. Ilikuwa saa nane mchana, jua limepasha reli mpaka huwezi kuishika bila glavu. Kikosi cha kandarasi kilikuwa kinabeba reli kwa koleo, watu wawili wawili, wakiimba ili waende hatua moja. Koleo moja iliteleza. Reli ilimwangukia juu ya kiatu, na kiatu chenyewe kilikuwa raba, hakikuwa buti la kazi. Hakupiga kelele, alikaa tu chini kwenye mawe akiutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Damu ilitokea kwenye matundu ya kamba.

Kapita wake, msimamizi wa kikosi, aliinama akamwambia kwa upole kabisa, "Tutaandika ugonjwa, ndiyo rahisi, utatibiwa leo leo." Kijana alikuwa anakubali. Mtu mwenye maumivu anakubali lolote. Hapo nilisema hapana, na nikaendelea kusema hapana mpaka fomu ya ajali ikatafutwa. Lau ingeandikwa ugonjwa, baada ya miezi michache angebaki na kilema ambacho hakuna daftari lolote linalokijua. Leo anatembea na fimbo, anapokea malipo yake, na amefungua duka la simu.

Ukiumia, au mwenzako akiumia, fanya hivi siku ileile. Andika saa, mahali, kilomita ya njia, kazi mliyokuwa mnafanya, na majina ya mashahidi wawili. Dai mwajiri aitangaze kama ajali ya kazini. Hospitali, mwambie daktari kwa kinywa chako jinsi ilivyotokea, ili cheti cha kwanza kiseme reli ilianguka mguuni, kisiseme maumivu ya mguu tu. Cheti hicho cha kwanza kina nguvu kuliko vyote vitakavyofuata, na neno lililokosekana humo ni vigumu sana kuliingiza baadaye. Pata nakala. Ukipona, usiseme umepona mpaka daktari ameandika kilichobaki: kidole kisichokunja, goti lisiloshuka ngazi, sikio lisilosikia.

Kazi ikiisha kabla ya miaka 60

Nitasema wazi ili mtu asipoteze nauli: CNSS yetu haina posho ya kukosa kazi. Nchi nyingine zinayo. Marekani watu wa reli wana ofisi yao peke yao, Railroad Retirement Board, yenye makao Chicago, inayolipa pensheni, posho ya ugonjwa na posho ya kukosa kazi kwa wafanyakazi wa reli tu. Kijana mmoja aliyesoma habari hizo kwenye simu alikuja kuniuliza aende dirisha gani hapa Lubumbashi. Hakuna dirisha hilo.

Ulicho nacho ni haki za siku ya kutoka. Mwajiri akikuachisha bila kosa lako, anakupa preavi, yaani notisi, ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima uliofanya. Mwenye miaka 11 ana 14 na 77, yaani siku 91 za kazi. Juu yake kuna konje, yaani likizo, ambayo hukuichukua, mshahara wa siku ulizofanya, na cheti cha kazi. Jumla yake ndiyo dekonte finali, hesabu yako ya mwisho. Usiweke sahihi chini ya neno "nimepokea yote" wakati hujapokea. Kama hesabu haiko sawa, nenda Inspection du Travail, ofisi ya ukaguzi wa kazi. Huko ndiko kesi inakoanzia, wanawaita ninyi wawili mpatane. Mkishindwa kupatana, wanaandika PV, karatasi ya kusema hamkupatana, na kwa PV hiyo unaingia Tribunal du Travail, mahakama ya kazi. Ukiruka hatua ya kwanza, mahakama inakurudisha. Na usikae nyumbani miaka ukiwaza; dai la kazi lina muda wake, likipita limekufa.

Ofisi ya ONEM inaandikisha wanaotafuta kazi. Jiandikishe, haikugharimu sana.

Jambo la kumpa moyo aliyeachishwa ni hili: miezi yako haifi. Uliyechangia miezi 130 ukaachishwa na miaka 48, ile 130 inakungoja. Ukipata kazi nyingine, hata ya ulinzi au ya udereva, angalia kwanza kama mwajiri mpya anakutangaza CNSS, na umpe nambari yako ileile ya zamani. Kuwa na nambari mbili ni kama kuwa na mifuko miwili isiyojuana. Pale CNSS uliza pia kuhusu kuendelea kuchangia mwenyewe kwa hiari. Waliobakiza miezi kumi au ishirini wasikae bila kuuliza.

Mama, sehemu hii ni yako

Nawaandikia wake za watu wa reli, na waume wasome pia. Mume akifa akiwa na pensheni, au akiwa ametimiza masharti yake, mjane na watoto wana haki ya sehemu yao. Lakini CNSS haikujui kwa uso. Inakujua kwa cheti cha ndoa.

Wengi wetu tulioana kwa mila. Tulipeleka mahari, wazee wakala, wakatubariki, na ndoa ni ndoa mbele ya Mungu na ukoo. Lakini Leta, yaani serikali, inataka iandikishwe komine. Mume akiwa hai ni jambo la asubuhi moja: mnakwenda wawili na mashahidi wa familia zote mbili. Akiisha kufa, mashahidi wa upande wake ndio walewale wanaogombea nyumba. Umeona shida?

Mama mmoja wa mtaa wa Katuba alinijia wiki mbili baada ya matanga. Siku ya mazishi, watu wakiwa makaburini, shemeji yake aliingia chumbani akachukua sanduku la bati. Fishi, kadi ya CNSS, vyeti vya watoto, vyote. Alisema anavitunza kwa ajili ya ukoo. Mama yule alikaa kwenye kiti changu akiwa bado amefunga kitambaa cheusi, mikono juu ya magoti, akanieleza bila kupandisha sauti. Nilimuuliza kama ana karatasi yoyote, hata moja. Akafungua fundo la kitenge. Alikuwa na fishi moja ya 2009, aliyokuwa ameandikia nyuma deni la unga.

Kwenye fishi ile ilikuwapo nambari ya mumewe. Kwa nambari hiyo tuliweza kuanza. Komine walipata ndoa yao kwenye kitabu, kwa sababu mume alikuwa ameiandikisha mwaka mtoto wa kwanza alipoanza shule, hilo lilimwokoa. Cheti cha kifo tulikichukua kwa karatasi ya hospitali. Vyeti vya watoto vilitolewa upya, kimoja kimoja. Dosie ilikamilika baada ya miezi kumi na tisa, wakati kwa sanduku mkononi ingekuwa fupi sana.

Kwa hiyo, mume, leo jioni mwonyeshe mkeo nambari yako ya CNSS na umfundishe kuisoma kwenye fishi. Mwambie pensheni inalipwa wapi na siku gani. Kama una watoto nje, wapatie vyeti vya kuzaliwa sasa, ukiwa hai wa kusema ni wako. Usimwachie mkeo vita hiyo. Mama, weka fotokopi za kila kitu mahali ambapo hakuna shemeji atakapofikiria. Mtoto akifikisha umri mkubwa lakini bado anasoma, tunza karatasi ya shule ya kila mwaka, wataiomba. Na mzee akiwa hai lakini hawezi kutembea, siku CNSS inapoita wenye pensheni waonekane kwamba bado wako hai, mtu wa familia aende haraka kueleza, na cheti cha daktari mkononi. Asipoonekana na hakuna aliyesema, malipo yanasimama.

Yule mama wa Katuba sasa anapokea. Karatasi zake anaziweka ndani ya ndoo ya unga yenye kifuniko, chini ya mfuko, unga juu. Fotokopi ziko kwa dada yake Likasi.